Mchicha au matembele, bamia au nyanya: upande nini Tanga ili Desemba usiende gengeni

Vuli ikishapiga mvua mbili tatu hapa Tanga kila mtu anageuka mkulima. Hata wale ambao mwaka mzima jembe lao lilikuwa la kufukuzia paka, ikifika Oktoba utawaona uani wanachimba, na swali linalonifikia pale ukutani kila jioni ni lilelile, dada, nipande nini mie nianze kuchuma kabla kiangazi hakijakaza? Nimechoka kujibu nusunusu huku sufuria inaungua jikoni, kwaiyo leo naandika lote, anayeuliza nitamtumia hii asome mwenyewe.

Kwanza mjue nazungumza toka wapi. Mi nakaa Sahare, udongo wangu ni kichanga kinachokunywa maji kama hakijawahi kuyaona, na bahari iko karibu kiasi kwamba kaskazi ikianza kuvuma nguo kwenye kamba zinashika chumvi. Shangazi yangu yuko Pongwe, kule udongo mwekundu, akimwagilia Jumatatu basi Jumatano ukichimbua kidole bado kuna unyevu. Msimu wa tano huu tunapanda mboga zilezile afu tunapigiana simu, na mara nyingi mboga aliyoisifia yeye kwangu imenitia hasara, na yangu kwake imemchosha. Kabla hujanibishia hapa chini jiangalie kwanza wewe ni wa mchangani au wa udongo mwekundu.

Na tunachotafuta ni mavuno ya mwanzo wa kiangazi, yaani kuanzia katikati ya Desemba kuingia Januari, mvua zinakatika, jua linapanda mpaka nyuzi 32, 33, na gengeni mafungu ya mchicha yanakuwa madogo halafu yamenyauka na bei haishuki. Ukiwa na cha kuchuma uani kipindi hicho we ni tajiri.

MCHICHA NA MATEMBELE

Hapa ndo ugomvi wenyewe ulipo, hizi nyingine ni za kusindikiza.

Mchicha kwa haraka hauna mpinzani. Unasia leo, siku ya nne au ya tano umeshaona vijani vyekundu vyekundu vimetoka, wiki ya tatu unapunguza iliyosongamana unapika, wiki ya nne unang'oa fungu zima. Watu wa Tanga tunasemwa "waja leo waondoka leo", basi mchicha ndo mtu wa Tanga hasa, umekuja leo na leo hiihii unaaga. Na joto haliogopi, jua kali la kwetu ambalo chainizi inalilia mchicha unalipenda, mradi mizizi iwe na maji.

Sasa shida yake ndo hiyo hiyo, unaaga. Mwaka wa kwanza nilisia matuta manne siku moja, nlijiona mjanja kweli, nikafurahi nilipoona kijani kote. Wiki ya nne yote yakawa tayari kwa pamoja. Tumekula mchicha wa nazi, mchicha na dagaa, mchicha kwenye kande, mume wangu akaanza kuniuliza kama nina ugomvi naye, nikagawa majirani mpaka wakawa wakiniona nimeshika beseni wanajifanya wanaongea na simu. Na bado tuta la nne lilinishinda, likatoa maua, na mchicha ukishatoa maua majani yanakuwa madogo, magumu, bua limekaza kama kamba. Toka hapo nasia tuta moja, baada ya siku 10 jingine, baada ya siku 10 jingine. Hilo peke yake lingenisaidia kama ningeambiwa mapema.

Matembele ni mtu wa tabia nyingine kabisa. Huna mbegu ya kununua, unaomba vipande kwa mtu, na hapa Tanga sijawahi kuona mtu anauza vipande vya matembele kwa jirani yake, unapewa na maneno juu. Unakata ncha za mashina ya futi moja hivi, yenye vifundo vinne vitano, unaviweka kivulini siku moja vinyong'onyee kidogo, afu unalaza mshazari kwenye tuta sehemu kubwa ikiwa ndani ya udongo. Wiki ya kwanza vinakaa kama vimekufa, usiving'oe! Mimi nliving'oa mara ya kwanza nikidhani vimekataa, kumbe chini vilishatoa mizizi. Ukipanda katikati ya Oktoba mvua zikiwepo, mwisho wa Novemba unaanza kuchuma ncha, na kuanzia hapo kila baada ya siku 10 unarudi palepale unachuma tena, miezi inapita.

Hesabu nliyoifanya mwenyewe kwa tuta la mita 1 kwa 3, kila moja:

Tuta la mchicha likinipa vizuri nang'oa kama mafungu 20 ya saizi ya gengeni, ndani ya wiki moja, basi, limeisha, nachimba upya natia samadi nasia tena. Tuta la matembele linanipa mafungu matatu au manne kila nikichuma, yaani toka mwisho wa Novemba mpaka Machi mwanzoni kama 35 hivi. Ukiangalia haraka utasema matembele yameshinda. Lakini kwa miezi hiyohiyo mtu asiye mvivu anaweza kuzungusha mchicha mara tatu kwenye tuta lile, sa hiyo ni 60. Kwaiyo kwa wingi mchicha unashinda, tena vizuri tu, ila kwa jasho lako wewe na kwa maji yako.

Na maji ndo yanayoamua. Kichanga changu Januari, tuta moja la mchicha linataka keni mbili za lita 10 asubuhi na mbili jioni, hayo ni madumu mawili kwa siku, ukiruka siku mbili tu jua la saa nane linaukausha na ule ulioponea unakimbilia kutoa maua kwa hasira. Matembele yakishashika na kufunika ardhi yenyewe, nayapa madumu mawili siku moja, siku inayofuata nayaacha. Nimetandaza makumbi ya nazi na makuti makavu pembeni, hapo hata siku tatu yanavumilia, yatalegea mchana afu jioni yanainuka kama hakuna kilichotokea. Msimu uliopita bomba letu lilikauka siku sita mfululizo, mwezi wa kwanza, niliingia uani siku ya saba mchicha wote majivu na matembele yananiangalia.

Shangazi kule Pongwe hakubaliani na mie hata kidogo. Anasema matembele kwake yanatambaa mpaka mlangoni, yanataka kuingia ndani kulala, na kwa udongo wake mchicha anaumwagilia mara moja kwa siku tu na anaotesha mnene mpaka raha. Ana haki. Kama una udongo unaoshika maji na mtu wa nyumbani wa kumwagilia, mchicha.

Wadudu nao. Mchicha una viwavi wanaojikunjia majani kama kitanda cha machela, ukiona jani limesokotwa lifungue utamkuta mwenyewe amelala. Mimi nabana kwa mkono asubuhi, na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha nanyunyiza jioni. Dawa kali za dukani kwenye mboga ya kung'oa baada ya wiki moja mi sishauri, utamlisha nani? Na mbegu zake ni vidogo mno, sisimizi wanazibeba, kwaiyo changanya na mchanga mkavu unaposia, funika na nyasi nyepesi, zikishachomoza toa zile nyasi haraka. Matembele majani yake yanatobolewa tobolewa lakini hayakati tamaa, ugonjwa wa kuogopa ni ule wa majani kujikunja na kudumaa unaosambazwa na inzi weupe, kwaiyo unapoomba vipande angalia shamba vinakotoka lina afya, usichukue tu kwa sababu ni vya bure.

Ladha sitasema sana mana hapo kila mtu na ulimi wake. Mchicha kwa nazi, matembele kwa nyanya kitunguu na ndimu na ugali wa bada pembeni na samaki. Ila nazi ile haipo kwa utamu tu, vitamini A iliyo kwenye majani haya inataka mafuta kidogo ndo mwili uichukue, bibi zetu walikuwa wanajua bila kusoma.

Ukinibana niseme moja: wa mchangani, mwenye bomba la kusuasua, matembele, afu mchicha tuta moja dogo la kula Desemba wakati bado mvua zinadondoka. Wa udongo mwekundu geuza.

BAMIA NA NGOGWE

Hapa tunahama kwenye majani. Wengi wanataka kitu cha "kuonekana", wanasema majani tumeyachoka.

Bamia ni mtoto wa joto kabisa. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mbilimbili kwa shimo, ng'oa dhaifu baadaye, acha kama sentimita 30 shina hadi shina na mstari hadi mstari uwe na nafasi ya wewe kupita maana majani yake yanawasha mikono vibaya. Ukizipanda wiki ya kwanza ya Oktoba, siku ya 50 mpaka 60 unachuma bamia la kwanza, yaani mwisho wa Novemba au Desemba mwanzoni, na jua linavyozidi ndo zinavyozidi kuzaa. Ua linafunguka asubuhi, jioni limeshafunga, siku tano baadaye una bamia la kuchuma.

Na hapo ndo kibano chake kilipo. Bamia halisubiri. Ukikaa siku tatu bila kwenda, lile la kidole limekuwa la mkono, limejaa nyuzi, ukilikata kisu kinalia krr. Nlisafiri kwenda Muheza kwenye msiba siku tano, narudi nikakuta mabamia kama pembe za mbuzi. Na usiyaache hata kama huyataki, yakate utupe, mana shina likiona mbegu zimekomaa linapunguza kuzaa. Kwa nyumba ya watu watano sita mashina 12 yananitosha, nachuma kila baada ya siku mbili, nikijaliwa nagawa.

Ngogwe, au nyanya chungu kwa wengine, ni mvumilivu zaidi lakini yuko mbali. Anaanzia kwenye kitalu mwezi mzima au zaidi, afu ukimhamisha anataka miezi miwili mpaka mitatu ndo uone cha kutia kwenye sufuria. Sasa piga hesabu, ukitaka ngogwe za Desemba kitalu kiwe kimeshasiwa Agosti, na Agosti huku mvua za kutegemea hakuna, ni wewe na ndoo yako. Waliochelewa wakasia Oktoba watakula Februari, si vibaya, lakini tunaongelea mavuno ya mwanzo. Uzuri wake akianza kuzaa hasimami, miezi mitatu minne anatoa tu, na ukisahau siku nne tunda linakuwa jekundu na chungu zaidi lakini shina halikusemi. Mbegu ile ya Tengeru White, matunda meupe ya maziwa na uchungu wa kiasi, ndo nliyoikuta inapendwa na watoto, zile za kijani chungu hasa wazee tu ndo wanazitaka.

Kwa haya mawili sina kigugumizi, bamia. Labda uwe mtu wa safari safari, hapo bamia litakuaibisha, panda ngogwe uende zako.

Kitu kimoja cha wa mchangani: bamia linasumbuliwa sana na minyoo fundo kwenye kichanga, ukiona shina limedumaa bila sababu ling'oe uangalie mizizi, kama ina vinundu vinundu basi usirudie bamia wala nyanya pale pale msimu unaofuata, peleka tuta lingine, na hapo mwanzo weka samadi ya kutosha. Nililipuuza hili, tuta zima likawa na bamia za kimo cha goti.

KUNDE

Sijaipa mpinzani mana haina. Unapanda punje unazopika nazo, wiki ya nne unachuma majani machanga, ukiacha baadhi ya mashina bila kuyachuma sana siku ya 60 na kitu unapata maganda mabichi, na baada ya hapo unapata kunde zenyewe. Mara tatu kwa mbegu moja. Halafu mizizi yake inaacha naitrojeni ardhini, tuta la kunde ndo ninalosia mchicha msimu unaofuata na tofauti naiona kwa macho. Wanaopenda kulinganisha na maharage, maharage ya kijani huku chini pwani ni kujitesa, joto linadondosha maua, na kama unamwagilia kwa kisima chenye chumvi chumvi kama vya jirani zangu wengine maharage ndo yatakuwa ya kwanza kuungua ncha za majani. Kunde zinanyamaza zinavumilia.

Kasoro ya majani ya kunde ni kwamba yakikomaa yana ukakasi na vidukari weusi wanayapenda mno, wanajipanga kwenye ncha kama mstari wa watu kituoni. Maji ya sabuni kidogo ya kufulia, ile ya mche, asubuhi mapema, wanapungua.

CHAINIZI NA SUKUMA WIKI

Fupi tu. Hapana.

Haya najua kuna mtu atanionyesha picha ya chainizi yake nzuri aliyoiotesha Chumbageni. Mwezi gani? Juni, Julai, kusi inavuma na usiku kuna baridi kidogo, kweli inakubali. Lakini swali letu ni Desemba. Ukipanda Novemba utapata majani ya kwanza mazuri mawili matatu, afu viwavi wadogo wa kijani wataingia, joto litaikimbiza itoe maua na majani yawe machungu. Chainizi, kabichi, karoti, hizo waachieni watu wa Lushoto, kule mita 1,400 hivi juu ya bahari wana baridi yao, mizigo inashuka kila siku mpaka Mgandini hapo, nenda kanunue, na wewe ushindane kwenye kile ambacho mtu wa mlimani hakiwezi kwa uzuri wako, yaani bamia na mchicha wa jua.

Badala ya chainizi kama unataka jani la uchungu uchungu, hapa kwetu kuna mchunga unaota wenyewe. Nani amewahi kununua mbegu za mchunga? Mvua za vuli zikinyesha unaibuka pembeni ya tuta, wageni wanaung'oa wanautupa wakidhani gugu, mimi nauacha kona moja, nauchemsha namwaga maji ya kwanza, kitunguu, tui zito. Kama umezaliwa Tanga na hujauweka orodhani sijui ulisahau nini.

NA KISAMVU?

Kisamvu hakipo kwenye mbio hizi kama hukukipanda mwaka jana, lakini kama una nafasi ya mti mmoja tu ukutani panda ule wa kisamvu cha mpira, utakushukuru miaka. Mti wenyewe una historia hapa mkoani, uliletwa enzi za Mjerumani kwa ajili ya utomvu wa mpira, biashara ikafa, mti ukabaki tukagundua majani yake yanalika, na pale Amani juu ya Muheza watafiti wakati wa Mwingereza, kuanzia miaka ya 1930, waliuzalisha na muhogo wa kawaida kutafuta muhogo unaohimili batobato, ule ugonjwa wa majani ya muhogo. Sasa we kila ukitwanga kinu kumbuka. Na utwange kweli, uchemshe vizuri sufuria ikiwa wazi, kisamvu cha kuchemsha juu juu kina sumu, hilo si la utani hata kidogo.

Ukilinganisha na matembele, kisamvu hakitaki maji yako kabisa Januari, kina mizizi mirefu, ila kinataka mkono wako na kinu na saa mbili za moto. Matembele dakika kumi yameiva. Mkaa nao una bei, mjue.

NYANYA, NA HASIRA ZANGU

Kila mwaka mtu lazima apande nyanya. Sijui ni uzuri wake. Mi mwenyewe misimu miwili nimepanda, sitaki kujifanya msafi. Nilisia kitaluni Septemba, nikahamisha Oktoba miche 20 mizuri kabisa, nikaitia miti ya kushikilia, nikaifunga na vitambaa vya kanga kuukuu, mama mkwe alivyokuja Novemba akaizunguka mara mbili afu akaniuliza, "Mwanangu, hizi nyanya unazilima au unazifuga?" Nikacheka. Desemba sikucheka. Maua yalitoka mengi yakaanza kudondoka, kila asubuhi chini kumejaa maua ya njano. Nikamwagilia zaidi, yakadondoka zaidi.

Kilichokuwa kinatokea nimekuja kukielewa baadaye, nyanya inataka usiku wa ubaridi ndo ua lishike tunda, usiku ukizidi nyuzi 21 au 22 hivi ushikaji unapungua, na usiku wa Tanga mwezi wa kwanza we mwenyewe unalala na feni unageuka geuka, nyanya nayo hailali. Yale machache yaliyoshika, kantangaze akaingia. Aliyekutana na kantangaze anajua, kile kiwavi kinachochora jani ramani kwa ndani afu kinatoboa tunda. Kwa miche 20 nilipata ndoo ndogo ya lita 10, nusu yake yenye matundu. Fanya hesabu ya madumu ya maji, miti, muda wangu, na ile pakti ya mbegu, nyanya yangu moja ilikuwa na bei kuliko yai.

Shangazi Pongwe anapata zaidi yangu, hasa anazopanda Mei mwishoni akala Agosti na Septemba wakati wa ubaridi. Hapo sawa. Nyanya za Tanga ni za kipupwe, atakayekuambia upande Oktoba muulize yeye alichuma ngapi.

Nafasi ile ile ya nyanya 20 ungeipa matango, siku 45 mpaka 55 unakata tango la kwanza, yanapenda joto, tatizo lake ni inzi wa matunda anayechoma tango likiwa dogo likapinda na kuoza, funika machanga na vifuko vya karatasi la gazeti utaokoa nusu. Au ungepanda maboga kwa ajili ya majani, wiki ya tano unavunja ncha, unamenya ile ngozi ya miiba, na yale yanayotambaa unayaelekeza juu ya ukuta, hayali nafasi.

KWA WALE WENYE BARAZA TU

Kuna dada wa Makorora ameniandikia anaishi chumba na ukumbi, uani wanashare nyumba nne, ana viroba vitano vya mchele na ndoo mbili zilizotoboka. Shoga, kwenye kiroba mchicha unakubali lakini kiroba kinakauka haraka kuliko tuta, utamwagilia mara tatu kwa siku. Mi ningekupa hivi: viroba vitatu matembele, vipande vinne kila kiroba, vining'inie kwa nje, jua la asubuhi tu linayatosha mana yanavumilia kivuli kuliko mchicha. Viroba viwili bamia, shina moja moja, udongo robo tatu na samadi iliyooza robo, ile mbichi ya kuku itaunguza mizizi usiiweke. Ndoo moja weka mchicha wa kupunguzia, yaani using'oe, kata juu kwa kisu ukiacha kama kiganja kimoja cha bua, utachipua pembeni, unakula mara mbili tatu kabla haujachoka. Ndoo ya pili weka pilipili, hiyo sijaiongelea lakini nani anakula bamia bila pilipili.

Na mwenye watoto wengi na uwanja mkubwa asiniulize mie, apande vyote isipokuwa nyanya.

Leo ni tarehe 8 Oktoba, jana usiku imenyesha, kunde nimeloweka, bamia zimeshaingia ardhini juzi. Matembele yangu nayakata Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda, ncha zitakuwa nyingi kuliko ninazohitaji, wa jirani mnaojua mlango wangu njooni na mfuko wenu, mana mwaka jana mlikuja na mikono mitupu mkaondoka na mabeseni yangu mawili na mpaka leo sijayaona.